Jiji la Mexico: watu wamesimama, milango inaongezeka

Shikamooni wazee wangu, na wengine wote habari za jioni. Hii ni ile hotuba ya juzi, wengi mliniomba niiweke kwa maandishi, basi nimeiandika kama nilivyoongea, sijaipunguza sana.

Nimeitwa niongelee Jiji la Mexico kwa sababu nimekaa kule miaka sita, na kila nikisema nimekaa kule swali la kwanza huwa ni lile lile, eti ni kweli watu wanazidi kujaa tu kila siku mpaka hakuna pa kukanyaga? Nalielewa hilo swali, manake hata mimi nilienda nikiwa na picha hiyo hiyo kichwani. Sasa ngoja niwaambie kitu ambacho kilinishangaza na mpaka leo kinanishughulisha. Mwaka 1980 sensa ilihesabu watu kama milioni 8.8 ndani ya mipaka ya jiji lenyewe, ile iliyokuwa ikiitwa Distrito Federal kabla haijabadilishwa jina 2016. Mwaka 2020 wakahesabu tena wakapata 9,209,944. Miaka 40 ndugu zangu! Miaka 40 na hawajaongezeka hata nusu milioni. Na katikati hapo kuna wakati walipungua kabisa, 1990 walikuwa milioni 8.2.

Wakati jiji hilo hilo zamani lilikuwa linavimba kama unga wa maandazi. 1940 watu milioni 1.76, 1970 milioni 6.87, yaani ndani ya miaka 30 karibu mara nne. Viwanda vilikuwa vinafunguliwa, watu wanashuka na mabasi kutoka Oaxaca, Puebla, Hidalgo, Michoacán, Guanajuato, na wakifika wanazaa, na watoto wao hawafi kama zamani. Metro, ile treni ya chini ya ardhi, ikafunguliwa 1969 ikajaa papo hapo. Wataalamu wa miaka ya sabini wakachukua rula wakanyoosha mstari, wakasema ikifika 2000 jiji pamoja na vitongoji vyake litakuwa na watu zaidi ya milioni 30. 2000 ilipofika walikuwa kama milioni 18. Na hata leo ukichukua bonde lote, jiji na manispaa zote zilizoungana nalo, sensa ya 2020 inakupa milioni 21.8. Ni wengi, ndio. Lakini ile gharika iliyotabiriwa haikuja.

Kwa nini haikuja? La kwanza ni uzazi. 1970 hivi mwanamke wa Mexico alikuwa anazaa kwa wastani karibu watoto 7. Serikali mwanzoni ilikuwa inapenda hivyo, nchi kubwa inataka watu. Halafu wakageuka, na aliyegeuza ni Rais Luis Echeverría, mwenyewe baba wa watoto 8. Mwaka 1974 wakaandika kwenye katiba kwamba kila mtu ana haki ya kuamua azae wangapi na lini, wakaunda baraza la taifa la idadi ya watu, CONAPO, na redioni na kwenye mabango likazunguka tangazo moja linalosema familia ndogo huishi vizuri zaidi. Dawa za uzazi wa mpango zikaingia zahanati. Wasichana wakakaa shule muda mrefu zaidi, wakaingia maofisini. Utafiti wa 2018 ulikuta mwanamke wa jijini anazaa wastani wa mtoto 1.34. Moja na theluthi hivi! Hao hawajirudishi wenyewe, wawili wanaacha mmoja na kipande.

La pili ni kuhama. Watu wengi hawajui kwamba Jiji la Mexico kwa miaka mingi sasa linatoa watu kuliko linavyopokea. Mkoa unaolizunguka, Estado de México, ndio uliowapokea. Nezahualcóyotl, watu wanaiita Neza tu, ilijengwa juu ya ziwa lililokauka, vumbi kiangazi, tope masika, watu wakajenga wenyewe chumba kwa chumba mpaka ikawa mji wa zaidi ya milioni moja. Ecatepec 1,645,352 mwaka 2020. Na siku hizi hata Neza yenyewe inapungua, watu wanasukumwa mbele zaidi, Tecámac, Zumpango, huko. Tecámac ilikuwa na watu kama 365,000 mwaka 2010, 2020 imefika 547,000. Huko zilijengwa nyumba maelfu kwa maelfu zinazofanana, ndogo, kwa mikopo ya mfuko wa nyumba wa wafanyakazi, Infonavit. Mtu anapewa nyumba yake, anafurahi, halafu anagundua kwenda kazini ni mwendo wa masaa mawili na nusu na kurudi hivyo hivyo, na nauli inakula mshahara. Wengine walifunga mlango wakaondoka. Kuna mitaa kule nimepita, nyumba tatu zina watu, ya nne haina dirisha wala mlango, vimeng'olewa.

La tatu ni tetemeko la tarehe 19 Septemba 1985. Katikati ya jiji paliumia vibaya sana, na waliobaki hai wengi hawakutaka tena kulala kwenye ghorofa za pale. Lakini tusiseme tetemeko pekee, katikati palikuwa pameanza kumwaga watu zamani. Wilaya nne za katikati, Cuauhtémoc, Benito Juárez, Miguel Hidalgo na Venustiano Carranza, kati ya 1970 na 2000 zilipoteza watu milioni 1.2. Pale palikuwa na zile vecindad, mnaweza kufikiria nyumba ya uani, vyumba vimezunguka ua mmoja, makaro ya kufulia ya pamoja, choo cha pamoja, kila chumba familia nzima, na kodi imegandishwa na amri ya serikali tangu 1942 kwa hiyo mwenye nyumba hakarabati na mpangaji hahami. Zilivyoanza kubomoka na kugeuzwa stoo na maduka, watu wakaenda pembeni.

Sasa hapo ndipo wengi huishia, wanasema ahaa, kumbe jiji limeacha kukua, basi shida zimepungua. Hapana. Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri, na nitakaa hapa muda mrefu kidogo.

Kule neno la kaya ni hogar. Asili yake ni mahali pa moto, jiko, yaani mafiga kabisa. Na sensa yao imewahi kuuliza swali hilo hilo ambalo bibi zetu wangeuliza, je, wote mnaolala humu mnachangia gharama ya chakula, yaani mnakula chungu kimoja? Mimi nilipenda sana hiyo. Kwa sababu ukihesabu vichwa unapata hadithi moja, ukihesabu mafiga unapata hadithi nyingine kabisa.

Tuhesabu mafiga basi. Mwaka 2000 nyumba moja jijini ilikuwa na wastani wa watu 4. 2010 wakawa 3.6. 2020 wakawa 3.3. Kati ya 2010 na 2020 watu walioongezeka ni kama laki 3 na elfu 59, na nyumba zenye watu zilizoongezeka ni zaidi ya laki 3, zikafika kama 2,757,000. Fikirieni hiyo. Ni kama kila mtu aliyeongezeka amekuja na mlango wake! Na kila mlango una mita yake ya umeme, bomba lake, mtungi wake wa gesi, friji yake, simtanki lake juu ya paa, takataka zake. Watu sita wakikaa pamoja wanapika maharage sufuria moja, wakitawanyika nyumba tatu wanawasha majiko matatu. Jiji ambalo maji yake mengine yanavutwa kutoka mbali na kupandishwa milima na mfumo unaoitwa Cutzamala, na mengine yanachimbwa chini ya ardhi mpaka jiji lenyewe linadidimia, haliwezi kusema watu hawajaongezeka kwa hiyo tuko salama. Anayefungulia bomba ni kaya.

Nilijifunza hili kwa mama mmoja. Nilipanga chumba kwake, mtaa wa Narvarte, wilaya ya Benito Juárez, simtaji jina. Jengo lina apatimenti nane. Yeye alifika pale bado binti, na alikuwa ananihesabia kwa vidole, hii ya chini walikaa tisa, hii ya juu saba pamoja na bibi, hapa kwangu tulikuwa wanane, asubuhi foleni ya bafu inaanza saa kumi na moja. Nilipoingia mimi nikahesabu jengo zima, apatimenti zile zile nane, tulikuwa watu kumi na tano. Watatu kati yao ni wazee wanaokaa peke yao kila mmoja na mlango wake. Yaani wanasalimiana kwenye ngazi, wanaulizana magoti yanaendeleaje, kila mtu anaingia kwake anapika nusu kikombe cha wali.

Na kuna ile gari inayopita mtaani kule, kila mtaa, sauti ya mtoto wa kike iliyorekodiwa inatoka kwenye spika inatangaza wananunua magodoro, friji, majiko, mashine za kufulia, vyuma chakavu. Aliyekaa Jiji la Mexico anaijua hata usingizini. Mama alikuwa akiisikia ananyamaza. Siku moja akaniambia, godoro la mume wangu liliondoka na hiyo gari, na vitanda vya watoto pia. Mimi tangu siku hiyo nikiisikia nawaza, hii ni sauti ya kaya zinazovunjwa na nyingine zinazoundwa, godoro moja linatoka hapa linaenda kwa kijana anayepanga chumba chake cha kwanza.

Niende kwa wanawake. Jiji hili lina wanawake wengi kuliko wanaume, 52% hivi, na 2020 katika kila kaya 10, kaya 4 mkuu wake ni mwanamke. Ni kiwango cha juu kuliko mkoa wowote wa Mexico, nchi nzima ni kama 33%. Wapo wajane, wapo walioachika, na talaka ilirahisishwa pale 2008, mtu hahitaji tena kuthibitisha kosa la mwenzake. Wapo ambao hawakuwahi kuolewa na hawataki. Na wapo ambao mume yupo ndani, lakini kipato kikubwa ni cha mke na wanasema wazi wazi kwamba mkuu ni yeye, jambo ambalo mama zao wasingelitamka mbele ya karani wa sensa. Kwa hiyo msiichukue hiyo namba yote mkaifanya msiba. Sehemu yake ni uhuru. Lakini sehemu yake ni mama anayeamka saa kumi alfajiri, anampeleka mtoto kwa bibi yake, anapanda kombi, metro, metrobús yaani mwendokasi wao, anarudi usiku, halafu anaanza kufua. Nimekaa nao, nimewaona, na kinachoniuma ni kwamba bibi mwenyewe anayeachiwa mtoto ndiye huyo anayehitaji sasa mtu wa kumwangalia.

Manake jiji limezeeka. Ukiwapanga wakazi wote mstari mmoja kwa umri, aliye katikati kabisa ana miaka 35, wakati kwa nchi nzima ni 29. Watu wa miaka 60 na kuendelea ni 16%, watoto chini ya 15 ni kama 18%, yaani kwa kila watoto 100 kuna wazee 90. Kwa nchi nzima kwa watoto 100 wazee hawafiki 50. Na hiyo ni hesabu ya Machi 2020, sensa ilikamilika mwezi ule ule korona inaingia, na baada ya hapo mnajua wenyewe nani walizikwa wengi. Miaka michache mbele wazee watawapita watoto, kama hawajawapita tayari.

Serikali ya jiji iliona mapema, nikiri hilo. 2001 walianza pensheni kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, bila kuuliza kama aliwahi kuajiriwa, ikawa sheria 2003, leo ni ya nchi nzima kuanzia miaka 65. Yule mama alikuwa analipia dawa zake kwa hiyo, na mara moja moja ananinunulia mimi mkate mtamu wa jioni kwa hiyo hiyo. Hela inasaidia. Lakini hela haipandi ngazi, haikuoshi mgongo.

Sasa msidhani jiji zima liko kama Narvarte. Nendeni Iztapalapa, wilaya yenye watu wengi kuliko zote, 1,835,486. Kule nyumba hazigawanyiki kwa kuhama, zinagawanyika kwa kwenda juu. Baba alijenga chini, kijana akioa anaweka chumba juu ya paa, wa pili akioa anaweka juu ya hicho, na zile nondo zinabaki zimechomoza angani miaka na miaka, wenyewe wanaziita nondo za matumaini. Karani akija anaweza kuandika kaya tatu, lakini ngazi ni moja, na Jumapili wanakula pamoja uani. Maji ndiyo shida, mitaa mingi yanakuja kwa zamu, wengine wanasubiri maboza. Halafu mbali zaidi kusini, Milpa Alta, ile ya mashamba ya nopali, aina ya dungusi kakati wanayoila, ilikuwa na watu kama 97,000 mwaka 2000, 2020 wako 152,685. Kule ni ardhi ya hifadhi, ndiyo inayoingiza mvua chini kulisha visima vya jiji lote, na vijana wanajenga humo kwa sababu hawawezi kodi za huku katikati. Jiji linajikalia juu ya kisima chake lenyewe.

Na kwa nini hawawezi kodi? Desemba 2000 Andrés Manuel López Obrador, akiwa mkuu wa jiji, alitoa agizo maarufu, Bando 2, kwamba nyumba mpya zijengwe kwenye zile wilaya nne za katikati, pembeni pasimame. Wazo lilikuwa zuri kabisa, mabomba yapo, metro ipo, watu wamehama, warudi. Na ghorofa kweli zikaota. Benito Juárez ilikuwa na watu 360,000 mwaka 2000, 2020 wako 434,000. Lakini bei ya kiwanja ikapaa, na aliyerudi si yule aliyetoka vecindad. Aliyerudi ni mtu mmoja au wawili wenye mshahara mzuri na mbwa. Yule wa vecindad alikuwa ameshafika Tecámac. Juu ya hapo, mitaa ya Roma na Condesa ikajaa wageni wanaofanya kazi kwa kompyuta na nyumba zikawa za kupangishwa wageni wa kulala usiku tatu tatu, mpaka Julai 2025 wenyeji wakaandamana barabarani. 2024 bunge la jiji lilishapitisha kwamba kodi haiwezi kupandishwa kupita mfumuko wa bei wa mwaka uliotangulia. Mimi naona ni sawa, ila inamlinda aliye ndani tayari, yule wa Tecámac haimrudishi.

Kitu kilichonipa moyo zaidi nilikiona Iztapalapa. Clara Brugada alipokuwa mkuu wa wilaya ile walijenga vituo wanaviita Utopías, bwawa la kuogelea, ukumbi, na ndani yake, hili ndilo lilinisimamisha, sehemu ya kufulia nguo ya umma, jiko la jamii lenye chakula cha bei ndogo, na nyumba ya mchana ya wazee. Yaani mtu alikaa akafikiria kaya imekuwa ndogo, mikono ndani imepungua, basi karo na jiko virudi kuwa vya pamoja kama uani kwa zamani. Sasa ni mkuu wa jiji zima tangu Oktoba 2024 na ameahidi vituo 100. Kama vitafika mia nitafurahi sana, na kama vitafika thelathini lakini kimoja kiwe karibu na kila mzee anayekaa peke yake, nitafurahi zaidi.

Nimalizie na lile jengo. Juu ya paa kulikuwa na masimtanki nane, na la mama lilikuwa na tatizo, lile boya la kufungia maji linanasa, maji yanamwagika au hayaingii kabisa. Zamani walipanda vijana wa nyumba yoyote, hata hukuuliza. Miaka yangu yote pale nilipanda mimi, kwa masimtanki matatu, la mama na ya wale wazee wawili wengine, ngazi ya chuma imepata kutu, wao wananiita kwa chini wananiambia shika vizuri mwanangu. Siku naondoka nikampeleka mpangaji mpya juu, binti mmoja wa chuo kutoka Puebla, nikamwonyesha boya liko wapi na unaligonga namna gani. Akaniuliza, na haya mengine mawili ni ya nani? Nikamshusha ghorofa kwa ghorofa tukagonga milango, nikamtambulisha.